Nikolai Rukavishnikov: alipiga hodi mara mbili

Mwanaanga Nikolai Rukavishnikov wa Umoja wa Kisovieti alisafiri mara mbili kwenda kituo cha anga, na mara zote mbili akarudi bila kuingia ndani.

Alizaliwa mwaka 1932 mjini Tomsk, Siberia. Hakuwa rubani wa jeshi kama wenzake wengi, alikuwa mhandisi. Aprili 1971, yeye na wenzake wawili walifika Salyut 1, kituo cha kwanza kabisa cha anga. Chombo chao, Soyuz 10, kiligusana na kituo lakini vifungo havikushika barabara. Walikaa mlangoni saa tano hivi, wakageuza.

Tarehe 10 Aprili 1979 akapaa tena kama kamanda wa Soyuz 33, pamoja na Georgi Ivanov, Mbulgaria wa kwanza kwenda anga za juu. Katika kituo cha Salyut 6, wenyeji wawili walikuwa wakiwasubiri. Zikiwa zimebaki kilomita chache, injini kuu ikazimika katikati ya kazi. Wenyeji waliona mwanga usio wa kawaida ukitoka ubavuni, upande ilipo injini ya akiba.

Hapa tueleze kidogo, msikilizaji. Chombo kilichoko huko juu hakidondoki kama embe lililoiva. Kinaizunguka dunia kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, na ili kishuke lazima injini ikipunguze mwendo. Kwa hiyo maisha ya watu wawili yalibaki kwenye injini ya akiba, ambayo hakuna aliyejua kama ilikuwa nzima. Hewa na chakula vilikuwa vya siku chache tu.

Wakangoja hadi kesho yake. Injini ilitakiwa iwake sekunde 188. Iliwaka, ikapitiliza, na Rukavishnikov akaizima mwenyewe kwenye sekunde ya 213. Wakashuka kwa mteremko mkali, miili ikilemewa zaidi ya mara nane ya uzito wake, wakatua salama Kazakhstan usiku wa tarehe 12. Kwetu sisi, sekunde hizo ni kazi kubwa kuliko kufika.

Mwaka 1984 alipangwa kwenda Salyut 7 na Rakesh Sharma wa India. Akaugua kabla ya safari, na nafasi yake akapewa Gennady Strekalov, ambaye alifika na kuingia. Rukavishnikov hakuruka tena. Alifariki Oktoba 2002, akiwa na miaka 70.