Joginder Singh: Fundi wa Kericho aliyeshinda Safari Rally kwa gari lililokwisha kutumika

Kila masika magari hukwama kwenye mteremko wa kutoka Newala kwenda bonde la Ruvuma, na lawama zote huenda kwa barabara. Barabara ina lawama yake, hilo halina ubishi. Lakini alikuwepo dereva aliyepita kwenye tope kama hilo usiku na mchana, kwa mwendo wa mashindano, na gari lake likafika. Wazee wetu walilisikia jina lake redioni nyakati za Pasaka: Joginder Singh, Kalasinga aliyepewa jina la Simba wa Kenya.

Alizaliwa Kericho, Kenya, tarehe 9 Februari 1932, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto kumi. Alipomaliza shule Nairobi hakukimbilia usukani. Alianza kama kijana wa kubeba spana gereji, kazi ambayo kila fundi wa Masasi au Mtwara mjini anaijua: kuoga oili, kulala chini ya gari, kutumwa vipuri. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akizunguka barabarani kuwasaidia waliokwama. Kwa hiyo kabla hajashindana na mtu, alikuwa ameshaona kwa macho yake kinachoua magari safarini. Mashindano aliyaanza akiwa na miaka 26 hivi, umri ambao wengine wanadhani wameshachelewa.

Mbio zenyewe zilianza mwaka 1953. Miaka ya sitini zilipita Kenya, Uganda na Tanzania, maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na mito iliyofurika. Kampuni za Ulaya zilileta magari mapya na madereva hodari, lakini hadi mwaka 1971 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda hata mara moja. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Wageni wale hawakukosa mbio. Magari yao yalivunjika.

Mwaka 1965 Joginder aliingia na mdogo wake Jaswant katika Volvo PV544. Halikuwa gari jipya. Lilikuwa limeshakimbizwa kwenye mbio hizo hizo, likabaki huku, nao wakalitengeneza upya. Walipewa namba moja, maana yake watangulie wote. Anayetangulia hali vumbi la mtu, lakini pia hana alama za tairi za kumwonyesha dimbwi lina kina gani. Ndugu hao wawili waliongoza na kuwaacha wenzao mbali sana.

Sasa tuseme kidogo juu ya uendeshaji wenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Volvo ile ilisukumwa na tairi za nyuma, kama malori mengi tunayopanda. Gari la namna hiyo likifika kwenye kona yenye utelezi, ukikanyaga breki ghafla tairi zinajifunga, na tairi iliyojifunga haisikii usukani. Gari linakwenda moja kwa moja, kona inabaki pembeni. Dereva wa rali anapunguza mwendo mapema, gari likiwa bado limenyooka, na gia anaishusha kabla ya kona. Ndipo anapokata usukani taratibu na kurudisha mafuta kidogo kidogo. Mkia ukianza kuserereka kulia, anageuza usukani kulia, kwa upole, wala harukii breki. Vijana wa bodaboda nao wanalijua hili la breki, ingawa wengi wamelijua baada ya kuanguka.

Kwenye maji ni vivyo hivyo. Ukiingia mtoni kwa kishindo, maji yanarukia injini na gari linazima katikati. Unaingia polepole kwa gia ndogo, hubadilishi gia hadi utoke ng'ambo, halafu unagusa breki mara mbili tatu zikauke. Asiyezikausha hugundua kosa lake kwenye mteremko unaofuata. Na kwanza kabisa unapima kina na nguvu ya maji. Mto unaokwenda kasi hauvukwi na gari la mtu yeyote.

Nguvu ya Joginder, kwa maoni yangu, ilikuwa kwenye sikio la fundi. Aliyewahi kubadilisha springi kwa mikono yake anajua kila shimo linagharimu nini, na gari likianza kulia halipandishi redio sauti asisikie. (Nasema hivi nikiwa mtangazaji, mnisamehe.) Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Katika mbio ambazo mara mbili, mwaka 1963 na 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho, hesabu hiyo kwangu inazidi hata ushindi wake.

Ushindi wa pili aliupata mwaka 1974, mwaka wa mvua kubwa. Akiwa na David Doig katika Mitsubishi Lancer ndogo, alimshinda Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche, gari lenye nguvu zaidi kwa mbali. Mwaka 1976 akarudia, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za juu. Akawa mtu wa kwanza kushinda mbio hizo mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alimpita kwa kushinda mara tano.

Joginder alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Hadi leo, pale Kenya, dereva anayekimbiza gari kupita kiasi huulizwa kama anajiona Joginder. Wanaouliza hivyo wanakumbuka mbio zake, na wamesahau zile Safari 19 alizofika.