Maisha ya Tabibu Hugh Trowell, na Habari ya Maradhi ya Kisukari

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyejaalia kwa kila maradhi dawa yake. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Huenda msomaji akastaajabu kuona humu maisha ya tabibu Mwingereza asiyekuwa wa dini yetu. Asistaajabu. Imamu Ghazali, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, alihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi kifaya, akasikitika kuona miji mingi ya zama zake haina tabibu ila wa dini nyingine, hali wanafunzi wanasongamana katika fikihi. Na wazee wetu hawakuona haya kuipokea tiba ya Wayunani, kisha wakaizidisha. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyataja maradhi ya kisukari katika Kanuni yake. Na Abdul-Latif wa Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, aliyatungia risala nzima. Basi mwenye elimu ya kufaa watu husikilizwa, na elimu yake hupimwa.

KUZALIWA KWAKE NA KUJA KWAKE AFRIKA

Hugh Carey Trowell alizaliwa mwaka 1904, akasoma udaktari katika hospitali ya St Thomas's mjini London. Mwaka 1929 akaingia katika kazi ya serikali ya Kiingereza, akapelekwa Kenya pamoja na mkewe Margaret, ambaye baadaye ndiye aliyeanzisha mafunzo ya sanaa katika chuo cha Makerere. Mwaka 1935 akahamia Uganda, akawa tabibu wa hospitali ya Mulago, Kampala, na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari, ambao walikuja kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja.

Kazi iliyompa jina kwanza ilikuwa ya watoto. Aliona watoto wamevimba miguu, nywele zimegeuka rangi, ngozi inabambuka, na wengi wakifa. Wengine walidhani ni minyoo, na wengine walidhani ni maradhi ya kurithi. Bibi Cicely Williams alikwisha kuyaeleza maradhi hayo huko Gold Coast mwaka 1933, ya kuwa yatokana na chakula kisichofaa mtoto aliyeachishwa ziwa. Trowell naye akayachunguza miaka mingi, hata mwaka 1954 akatoa na wenzake wawili kitabu kikubwa juu ya kwashiakoo. Hapo akapata funzo lisilomtoka tena, nalo ni kwamba tabibu asiyeuliza mgonjwa wake anakula nini hajamwuliza kitu.

JAMBO ALILOLITAZAMA

Matabibu wote huandika maradhi wanayoyaona. Trowell akaandika na yale asiyoyaona. Katika wodi za Mulago walilazwa watu wengi wa vijijini, wenye homa, vidonda, vifua na minyoo. Lakini wachache mno walikuwa na unene wa kupita kiasi, au mishipa ya moyo kuziba, au kisukari, hali maradhi hayo yalijaa katika hospitali za kwao Uingereza. Kabla yake Daktari Albert Cook wa Mengo aliandika mwaka 1901 kuwa kisukari Uganda si kingi, ila aliyeshikwa nacho hufa upesi. Na kufa huko upesi ni sababu moja ya uchache wake mahospitalini, maana insulini haikuvumbuliwa ila mwaka 1921, na mgonjwa wa kijijini pengine alikufa asijulikane alikufa kwa nini.

Hata hivyo Trowell aliona kuwa uchache ule una sababu nyingine. Mwaka 1956 yeye na mwenzake wakatangaza habari ya Mwafrika aliyepatwa na maradhi ya kuziba mishipa ya moyo, na hilo lilikuwa jambo geni kiasi cha kuandikwa katika jarida la udaktari. Mwaka 1960 akakusanya kumbukumbu za miaka thelathini katika kitabu kimoja juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika.

KUREJEA KWAKE UINGEREZA

Mwisho wa miaka ya 1950 alirejea kwao, akawa kasisi. Lakini swali lake halikumwacha. Akashirikiana na Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa naye Uganda, wakauliza: watu wa Uganda walikula nini ambacho Waingereza wamekiacha? Jawabu yao ikawa nyuzinyuzi za vyakula, yaani pumba za nafaka, maganda ya kunde na makapi ya mizizi na matunda, ambayo kinu cha kisasa huyatoa na kuyatupa. Chakula chenye makapi humeng'enywa polepole, na sukari huingia katika damu kidogo kidogo. Unga mweupe na sukari huingia kwa mkupuo, na kongosho, tezi itoayo insulini, hutaabika.

Mwaka 1974 Trowell alitoa hesabu ya vifo vya kisukari katika Uingereza. Wakati wa vita kuu ya pili, serikali iliamuru ngano isagwe pamoja na sehemu ya pumba zake, na katika miaka hiyo vifo vya kisukari vilipungua. Akasema sababu ni mkate ule. Wenziwe wakamjibu kuwa sukari na mafuta navyo viligawiwa kwa kipimo, basi sababu haiwi moja. Jibu lao lina haki. Leo matabibu wanajua kuwa kisukari cha watu wazima hutokana na mambo mengi yakikutana: kurithi, unene wa tumbo, kukaa bila kazi ya mwili, na chakula. Lakini kwamba vyakula vyenye nyuzinyuzi humfaa mwenye kisukari, hilo limethibiti.

Mwaka 1981 walitoa kitabu juu ya maradhi yafuatayo maisha ya Kizungu popote yaendapo. Trowell akafa mwaka 1989. Mwaka huohuo ulitangazwa uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania, ikaonekana wenye kisukari hawatimii mtu 1 katika kila 100. Mwaka 2012 walipopimwa watu wa Tanzania wa miaka 25 hadi 64, ilionekana karibu watu 9 katika kila 100 wana sukari ya damu iliyozidi. Njia za kupima hazikuwa sawasawa, lakini mwelekeo hauna shaka.

FAIDA YA HABARI HII

Sisi tukaao huku Kamachumu, katika Muleba, tumezungukwa na vibanja vya migomba. Wahaya hupika ndizi kwa maharage, na Waganda ng'ambo ya kaskazini ya Ziwa huzifunga ndizi katika majani na kuzipika kwa mvuke. Hicho ndicho chakula cha watu ambao Trowell aliwakuta wenye kisukari kati yao ni wachache mno. Leo kijana akipata fedha kidogo huona ndizi na maharage ni chakula cha kinyonge, akataka mkate mweupe, chai ya vijiko vinne vya sukari na soda. Nanyi ndugu zetu wa pwani, mwajua wenyewe habari ya mahamri, wali mweupe wa kila siku, na halua baada ya kila karamu.

Na kisukari hakiui kwa kelele. Huharibu mishipa midogo ya macho mpaka mtu akapofuka, huharibu figo, huziba mishipa ya moyo, na huondoa nguvu za kiume, jambo ambalo wanaume wengi hulificha wakanunua dawa za njiani, wasijue kuwa ni dalili ya kwenda kupimwa. Hutia ganzi nyayoni. Mwanamume huvua viatu mlangoni pa msikiti, akakanyaga sakafu ya jua au mwiba, asihisi. Kidonda kikaoza, na mwisho mguu ukakatwa. Basi aoshapo miguu kwa udhu, na atazame nyayo zake na baina ya vidole, na asipoweza kuziona amwambie mwanawe amtazamie.

Na mwenye kutumia insulini au vidonge asiingie Ramadhani bila kumwuliza tabibu mjuzi. Sheria imempa mgonjwa ruhusa, atalipa akipona. Na asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Kujiangamiza hakukuwa ibada kamwe.

Trowell hakuja na dawa mpya. Alitazama sahani ya maskini wa Uganda, akaona ndani yake neema ambayo matajiri wa kwao walikuwa wameipoteza. Ni aibu kwetu kuitupa sisi tulio nayo nyumbani.

Mwenyezi Mungu atupe afya na shukrani ya afya. Naye ndiye Mjuzi zaidi.