Bell na Simu ya Nuru

Ukimtaja Alexander Graham Bell kila mtu atakwambia: ah, yule wa simu. Kumbe kazi aliyoipenda mwenyewe kupita zote haikuwa simu ya waya.

Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, tarehe 3 Machi 1847. Mamake alikuwa kiziwi karibu kabisa, na ndugu zake wawili walifariki kwa kifua kikuu. Mwaka 1870 jamaa yote ikahamia Kanada. Baadaye Bell alifundisha viziwi mjini Boston, Marekani, na mwaka 1877 akamwoa Mabel Hubbard, mwanafunzi wake, ambaye pia hakusikia. Simu ya waya alikuwa ameisajili mwaka 1876.

Basi mwaka 1880, huko Washington, yeye na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walijaribu kusafirisha sauti juu ya mwanga wa jua. Mtu alinena nyuma ya kioo chembamba sana cha kujitazamia. Kioo kikatikisika, na mwale uliorudi ukabadilika pamoja na sauti. Upande wa pili palikuwa na seleniamu, ambayo hupitisha umeme zaidi ikimulikwa. Mwale ukibadilika, umeme nao hubadilika, na sauti husikika tena. Tainter alipanda juu ya paa la shule ya Franklin akamwambia Bell, aliyekuwa umbali wa mita 213, aje dirishani ampungie kofia. Kofia ikapungwa! Bell alikuwa ameifurahia kazi hiyo hata akataka bintiye mchanga aitwe Photophone, jina la chombo hicho. Mabel alikataa katakata (na sisi wasichana wa chama tunamuunga mkono). Mtoto akaitwa Marian.

Lakini wapi! Wingu likipita, simu kimya. Ukungu ukitanda, ndiyo basi. Bell alifariki Kanada tarehe 2 Agosti 1922, na alipozikwa simu za Marekani na Kanada zilinyamazishwa kwa dakika moja. Zote zilikuwa za waya.

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, huko Uingereza, walionyesha kwamba nyuzi za kioo safi zingeweza kubeba nuru mbali, bila kujali mawingu. Mwaka 2009 kebo za nyuzi hizo zilifika Mombasa kupitia baharini. Na siku hizi ndani ya mitambo mikubwa ya intaneti mna vipande vya silikoni vyenye vijia vya nuru vyembamba kuliko unywele. Humo nuru hubadilishwa mabilioni ya mara kwa sekunde, na ikifika hugeuzwa kuwa umeme. Kazi ya kile kioo na ile seleniamu sasa hufanywa na kipande kinachoweza kukaa juu ya ukucha.