Odhiambo: Msomi aliyetaka mkulima amjue mdudu kabla ya kununua dawa

MKULIMA wa mpunga akiona viini vya miche vimekauka, au masuke meupe yasiyo na punje, kwa kawaida hukimbilia duka la pembejeo. Profesa Thomas Risley Odhiambo wa Kenya alitumia maisha yake kuonyesha kwamba kuna maswali yanayotangulia safari hiyo: ni mdudu gani, anaishi vipi, na adui yake ni nani?

Odhiambo alizaliwa mwaka 1931. Alisoma Makerere, Uganda, kisha Cambridge, Uingereza, ambako alipata shahada ya uzamivu mwaka 1965. Badala ya kubaki Ulaya alirudi Nairobi. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science la Marekani, akitaka Afrika iwe na vituo vyake vya utafiti wa hali ya juu.

Mwaka 1970 kilianzishwa Nairobi Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu (ICIPE), yeye akiwa mkurugenzi. Kilianza katika gereji. Baadaye kilipata makao makubwa, nayo yakaitwa Duduville. Kituo kilijenga pia tawi Mbita, kando ya Ziwa Victoria, ili watafiti wawe karibu na mashamba ya wakulima wadogo.

Kazi moja inaeleza vizuri fikra zake. Bungua aitwaye Chilo partellus aliingia Afrika kutoka Asia kabla ya mwaka 1935. Hutoboa mashina ya mahindi na mtama, na hushambulia mpunga pia. Huku ugenini hakufuatwa na adui yake wa nyumbani. Mwaka 1991 ICIPE ilileta kutoka Pakistan nyigu mdogo, Cotesia flavipes, na mwaka 1993 akaachiliwa pwani ya Kenya. Nyigu huyo humfuata kiwavi ndani ya shina na kutaga mayai mwilini mwake. Mabuu yanayototolewa humla kwa ndani. Baadaye alionekana pia kaskazini mwa Tanzania, na hakuna mkulima aliyetoa hata senti.

Kwa wakulima wa delta ya Rufiji na Kibiti kwa jumla, somo hilo ni la fedha. Bungua akishaingia shinani, dawa ya kunyunyizia humpata kwa shida. Inaowapata kwa urahisi ni buibui, kereng'ende na nyigu wadogo walioko juu ya majani, yaani walinzi wa bure. Katika delta, maji ya shambani huelekea kwenye mikoko, walipo samaki na kamba wanaowapa wengine riziki.

Namna ya kupanda nayo ina sehemu yake. Anayekuza miche kitaluni hupata nafasi ya kuikagua na kutoa yenye mayai kabla ya kuipandikiza. Anayepanda kwa mistari hupita katikati bila kukanyaga, hivyo huona mapema kinachotokea. Aliyemwaga mbegu huokoa nguvu kazi, lakini mpunga ukisongamana ni vigumu kuukagua, na unyevu uliojificha humo huwafaa baadhi ya wadudu waharibifu. Huyu aache njia za kupitia, na kila mmoja afukie au kuondoa mabua baada ya kuvuna, kwa kuwa bungua hujificha humo.

Odhiambo alikuwa pia rais wa kwanza wa Chuo cha Sayansi cha Afrika, na mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Uongozi ya Afrika pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Aliacha uongozi wa ICIPE mwaka 1994 na kufariki dunia Mei 2003. Kituo chake kinaendelea na kazi. Mkulima wa Kibiti anayehesabu buibui shambani kabla ya kuhesabu noti za dawa yumo katika njia aliyoifungua.