Shang Yang, mtu aliyefungiwa mlango na sheria yake mwenyewe

Hapa Kisangani ni wachache wanaojua jina la Shang Yang, lakini huko China hata mwanafunzi wa sekondari analijua. Ni mtu wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita na mpaka leo watu wanabishana juu yake. Sisi tunaolalamika kila siku kwamba sheria inakamata wadogo tu na kuacha wakubwa, maisha yake yanatuhusu kabisa.

Alizaliwa karibu na mwaka 390 kabla ya Kristo, wakati China ilikuwa bado falme nyingi zinazopigana. Alikuwa wa jamaa ya watawala, lakini wa nchi ndogo. Kijana akaenda kutumika kwa waziri mkuu wa ufalme mkubwa wa Wei. Waziri huyo, akiwa kitandani karibu kufa, alimshauri mfalme ampe Yang kazi yake. Na kama hataki, amuue, asije akasaidia adui. Kisha akamwonya Yang mwenyewe akimbie. Yang alibaki tu. Aliona kwamba mfalme aliyekataa shauri la kwanza hatafuata la pili, na kweli hakuguswa.

Mwaka 361 nchi ya Qin, upande wa magharibi, ilipata mtawala mpya, Xiao. Wenzake walimdharau, naye akatangaza kwamba anatafuta watu wenye akili. Yang akaenda. Mara za kwanza alimweleza juu ya wema wa wafalme wa zamani, mtawala akasinzia. Alipogeuza maneno na kuanza kueleza namna ya kuipa leta nguvu, Xiao akawa anasogea mbele kwenye mkeka bila kujijua.

Sheria mpya zikaandikwa, lakini Yang alijua raia hawaamini serikali. (Sisi hilo hatuna haja ya kuelezwa.) Basi akasimamisha mti kwenye mlango wa kusini wa soko, akatangaza vipande 10 vya dhahabu kwa mwenye kuupeleka mlango wa kaskazini. Watu wakatazama tu. Akapandisha mpaka 50. Mtu mmoja akajaribu, akaubeba, na palepale akalipwa zote. Ndipo sheria zikatolewa.

Zilikuwa kali, bwana. Nyumba zilifungwa pamoja kwa makundi ya tano na ya kumi, jirani amchunge jirani. Aliyejua kosa akanyamaza alikatwa kiunoni vipande viwili. Mkulima aliyevuna sana alipunguziwa kazi ya leta, mvivu alifanywa mtumwa pamoja na watoto. Cheo hakikupatikana tena kwa jina la baba, kilipatikana vitani, kwa kuleta kichwa cha adui. Wakubwa walichukia hilo kuliko yote.

Halafu mtoto wa mtawala, mrithi mwenyewe, akavunja sheria. Yang alisema wazi kwamba sheria haishiki kwa sababu wa juu ndio wanaoivunja. Lakini mrithi hakuweza kumpiga. Akaadhibu walimu wake: mmoja akachorwa alama usoni, na mwingine, aliporudia kosa miaka kadhaa baadaye, akakatwa pua. Mimi naona hapa ndipo kazi yake yote ilipopasuka, maana hata yeye alifika mlango wa mkubwa akazunguka.

Nchi ilinyamaza. Wanasema kitu kilichoanguka njiani hakuna aliyekiokota. Hata waliokuja kuzisifu sheria walihamishiwa mipakani, kwa kuwa raia hakutakiwa kuzijadili, vizuri au vibaya. Vipimo pia alivilinganisha: kipimo chake cha shaba cha mwaka 344 kiko katika jumba la makumbusho la Shanghai, kinaingia kama mililita 200. Mama anayenunua mchele kwa kopo lenye kitako kilichogongwa ndani ataelewa faida yake.

Mwaka 340 alimwita jemadari wa Wei, rafiki yake wa zamani, waje kunywa pamoja na kufanya amani, kisha akamkamata. Kwa ushindi huo akapewa miji 15 ya Shang, na ndipo jina lake lilipotoka.

Xiao akafa mwaka 338. Mrithi yule akakaa kitini, na watu wa mwalimu aliyekatwa pua wakamshitaki Yang kwamba anataka kuasi. Akakimbia usiku mpaka karibu na mpaka, akaomba kulala kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba hakumjua. Alimweleza kwamba sheria ya bwana Shang inamwadhibu anayelaza mgeni asiye na kitambulisho. Wazee wetu, ambao wakati wa Wabelgiji hawakuhama bila karatasi, na sisi tunaosimamishwa kwenye bariera na karte ya uchaguzi mkononi, tunaijua hali hiyo. Tofauti ni kwamba huyu aliiandika mwenyewe.

Wei nao wakamkataa, hawakusahau rafiki aliyesalitiwa. Akarudi Shang, akakusanya askari, akauawa. Maiti yake ilipasuliwa kwa magari ya farasi, na jamaa yake yote ikamalizwa. Lakini mtawala mpya alizibakiza sheria zake. Kwa nguvu hiyo Qin ilimeza falme zote mwaka 221, na miaka kama 15 baadaye ikaanguka, raia wamechoka na adhabu.