Robert Serumaga: Aliyemsema Amin bila maneno

Wengi wetu tumeangalia filamu za kutisha kwenye vibanda vya video. Tunaogopa, kisha tunatoka nje tukicheka. Nchini Uganda, kati ya mwaka 1971 na 1979, ya kutisha yalikuwa huko nje: watu walichukuliwa usiku, hawakurudi. Leo tunamtazama msanii aliyeyapandisha mambo hayo jukwaani.

Robert Serumaga alizaliwa Uganda mwaka 1939. Alisomea uchumi Dublin, Ireland, kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1969 ilitoka riwaya yake, Return to the Shadows, kuhusu nchi ya kubuni inayosumbuliwa na mapinduzi ya kijeshi. Haikupita miaka miwili, Januari 1971, Jenerali Idi Amin akapindua serikali.

Kusema kukawa hatari, Serumaga akapunguza maneno. Mwaka 1972 alitoa mchezo wa Renga Moi, juu ya shujaa aliyepata watoto mapacha. Mila inamkataza kumwaga damu kabla tambiko la watoto halijakamilika, na adui tayari amekivamia kijiji. Achague wanawe au kijiji?

Amayirikiti ya mwaka 1974 ilikwenda mbali zaidi. Waigizaji karibu hawasemi kabisa. Ni ngoma, vilio, miili inayojikunja na kuanguka, watu wakiuawa mbele ya watazamaji. Palikuwa hapana sentensi ya kumkamatia mtu, lakini mtazamaji wa Kampala alijua anaonyeshwa nini.

Kundi lake liliitwa Abafumi, yaani wasimulizi wa hadithi kwa Kiganda, na lilicheza katika nchi nyingi. Hatari haikuwa ya kuigiza. Mwaka 1977 mwandishi mwenzake, Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa, aliuawa na watu wa Amin. Serumaga naye akaishia uhamishoni.

Machi 1979, vita ya Kagera ikiendelea, Waganda waliokimbia nchi yao walikutana Moshi, hapa Tanzania. Serumaga alikuwemo. Kampala ilipokombolewa Aprili 11, akawa Waziri wa Biashara katika serikali ya Yusuf Lule, iliyodumu siku 68 tu. Alifariki Nairobi mwaka 1980.

Hapa Igwachanya wapo wazee wanaoikumbuka vita ile. Tukiwauliza, tutajua kwa nini watu wa Kampala hawakuhitaji kuambiwa maana ya mchezo usio na maneno.