Mwalimu Nyerere na Soko la Afrika Mashariki
Mkulima wa Mgori, mkoani Singida, anapomuuzia mfanyabiashara wa Kenya vitunguu, anatumia soko ambalo Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alilihangaikia kwa miaka mingi bila kuliona likikamilika.

Mwaka 1960, Mwalimu alikuwa radhi kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi jirani zijitawale kwa pamoja zikiwa shirikisho. Shirikisho hilo halikupatikana. Juni 6, 1967, mjini Kampala, yeye, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioweka kodi maalumu ya kuvikinga viwanda vichanga vya Tanzania na Uganda dhidi ya bidhaa za Kenya, iliyokuwa imetangulia mno kiviwanda.

Baada ya mapinduzi ya Uganda ya 1971, Mwalimu alikataa kuketi meza moja na Idi Amin. Msimamo huo ulikuwa wa haki, lakini uligharimu: vikao vya wakuu wa nchi vilikoma, huku ugomvi wa mapato ukizidi. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983.

Mwalimu alifariki dunia London, Oktoba 14, 1999. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha siku 47 baadaye.